Saksafoni moja, bendi nne: kufanya kazi katika muziki wa majaribio

Ukiitwa kwenye bendi ya muziki wa majaribio, muulize aliyekuita swali moja kabla hujakubali: saksafoni itafanya kazi gani humo? Wengi hujibu, "Wewe njoo tu, utapiga unavyojisikia." Jibu hilo linapendeza, na ndilo linalozika miradi mingi. Mpiga saksafoni asiye na kazi maalumu hujaza kila pengo analolisikia, na saksafoni ya alto au tenori hukaa palepale penye sauti ya mwimbaji na gitaa, takriban kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 200 na 3,000. Kufikia mazoezi ya tatu kila mtu ameshaongeza amplifaya yake, na fundi sauti hana tena cha kupunguza.

Kazi yenyewe inaweza kuwa yoyote. Tenori inaweza kushika besi kwa pedali ya oktavu (kisanduku cha umeme kinachoshusha noti) katika bendi isiyo na mpiga besi. Soprano inaweza kushikilia noti moja kwa dakika nne huku wengine wakibadilisha kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) chini yake. Baritoni inaweza kuwa mdundo mtupu, kwa kugonga vitufe na kupiga ulimi kwenye ridi, kile kijiti chembamba kinachotetema kwenye kipulizio. Muhimu ni kwamba kazi hiyo isemeke kwa sentensi moja na kila mwanabendi aijue. Ukiwa na miradi minne, sentensi nazo ziwe nne tofauti. Wapigaji wengi hodari hupeleka mayowe yaleyale kila mahali wanapoitwa, kisha hushangaa kwa nini msikilizaji aliyewaona kwenye bendi moja haji kuwasikiliza kwenye nyingine.

Mtazame mpiga saksafoni John Zorn. Katika bendi yake ya Naked City alto yake iliruka kutoka mtindo mmoja hadi mwingine ndani ya sekunde chache. Katika Masada, kundi la saksafoni, tarumbeta, besi na dramu, alto hiyohiyo ilibeba melodia zilizojengwa juu ya skeli za muziki wa Kiyahudi. Katika Painkiller, pamoja na Bill Laswell kwenye besi na Mick Harris kwenye dramu, ikawa mayowe juu ya muziki mzito wa kasi. Mpigaji mmoja, saksafoni moja, na sekunde kumi zinatosha kujua ni bendi ipi. Wanamuziki wa AACM, chama kilichoanzishwa Chicago mwaka 1965, walishika njia hiyohiyo: kila mmoja akitunga muziki wake na kuongoza kundi lake, huku akipiga katika makundi ya wenzake.

Daftari la sauti

Mtaji wako mkubwa katika kazi hii ni sauti ambazo wengine hawana, na mtaji usioandikwa hupotea. Kuwa na daftari moja kwa kila saksafoni unayoimiliki. Nasisitiza kila saksafoni, kwa sababu multifoniki, yaani noti mbili au zaidi zinazotoka kwa pumzi moja, hutegemea chombo chenyewe, kipulizio na ridi. Mkao wa vidole uliouona kwenye chati ya mtu mwingine unaweza kukupa sauti nyingine kabisa, au usikupe kitu.

Namna ya kuzitafuta ni hii. Shika noti ya chini, mathalani C au B-flati ya mwisho, kisha inua kidole kimoja tu katikati ya chombo. Tundu hilo huvunja safu ya hewa, nayo haijui itikise urefu gani. Ukiipa pumzi ya wastani na koo lililolegea, itatikisa urefu miwili kwa pamoja. Badilisha kidole kimoja kwa wakati mmoja, usibadilishe viwili. Ukipata kitu, kiandikie ukurasa wake: mchoro wa vidole, namba ya ridi, noti unazozisikia juu na chini (zipime kwa tuna, yaani kipima noti), ukubwa wa sauti inayovumilia, na kama inaamka yenyewe au inahitaji noti nyingine ya kuitangulia. Kisha ianze mara kumi, kila mara ukiondoa kipulizio mdomoni. Iliyotoka mara nane au zaidi inafaa jukwaani. Iliyotoka mara tano ni ya studio, ambako unaweza kurudia.

Ikikataa, sababu huwa mojawapo ya tatu. Unang'ata kwa taya, na noti ya juu inaifunika ya chini. Au ridi ni laini mno, inajifunga ukiongeza pumzi. Wengi hukaa vizuri kwenye namba 2.5 au 3, ikitegemea uwazi wa kipulizio. Au koo liko mahali pasipofaa: iimbe noti ya juu kwa sauti yako, kisha ya chini, uone koo linavyohama, halafu puliza ukiwa umelishika katikati ya hapo pawili. Zaidi ya yote, nyingi kati ya sauti hizi hutoka tu kwa upole. Usizipeleke kwenye bendi yenye gitaa mbili na dramu. Hakuna atakayezisikia, nawe utazilazimisha mpaka zivunjike. Zitunzie kundi la watu wawili.

Kupuliza bila kukata pumzi nako kuna hatua zake. Anza na glasi ya maji na mrija: jaza mashavu hewa, funga koo, sukuma hewa ya mashavuni itoe mapovu, na wakati huohuo vuta pumzi kwa pua. Mapovu yasipokatika, hamia kwenye kipulizio na shingo ya saksafoni peke yake, kisha kwenye noti za katikati za chombo kizima. Soprano na alto ni rahisi kuliko baritoni kwa kuwa zinatumia hewa kidogo. Kosa la kawaida ni kusubiri mapafu yaishe ndipo uvute pumzi. Vuta yakiwa bado nusu, la sivyo utavuta kwa hofu na noti itashuka. Sauti ikiyumba kidogo pale hewa inapobadilishana, ifiche ndani ya vidole vinavyokimbia badala ya noti iliyonyooka. Kwenye soprano ya mpiga saksafoni Evan Parker utasikia jinsi mkondo usiokatika unavyoweza kubeba tabaka kadhaa za sauti kwa pamoja.

Maiki, pedali na umeme

Hapa ndipo maonyesho mengi huharibikia. Saksafoni haitoi sauti yake yote kwenye domo la mbele. Noti nyingi hutoka kwenye matundu ya ubavuni, na ni zile za chini kabisa zinazotoka hasa domoni. Ukibandika maiki ndogo ndani ya domo, B-flati, B na C za chini zitanguruma kupita kiasi, na noti za katikati zitasikika nyembamba. Iweke sentimita 15 hadi 20 kutoka ukingo wa domo, ikielekea vitufe vya mkono wa kushoto. Kwenye mikisa, kata masafa yaliyo chini ya hezi 80 kwa tenori. Noti yake ya mwisho ni takriban hezi 104, kwa hiyo hupotezi kitu zaidi ya vishindo vya jukwaa. Alto, ambayo noti yake ya mwisho ni karibu hezi 139, inavumilia kukatwa hata kwenye 100.

Ukitaka kupitia pedali za gitaa, elewa kwanza tofauti ya nguvu. Maiki hutoa umeme wa milivolti chache kupitia waya wa XLR. Pedali ya gitaa inategemea umeme mkubwa zaidi kupitia jeki ya kawaida. Ukiviunganisha kwa adapta ya bei rahisi, unapata sauti hafifu yenye mlio wa mvuke. Kinachohitajika ni priampu, yaani kikuza sauti cha awali, katikati yao, na kama maiki yako ni ya kondensa, priampu hiyo lazima iweze kuipa volti 48, kwa sababu pedali haiwezi. Baada ya pedali ya mwisho, pita kwenye kisanduku cha DI, kinachogeuza umeme wa jeki ufae waya wa maiki, ndipo uende kwenye mikisa.

Mpangilio ninaoupendekeza: priampu, geti ya kunyamazisha kelele, oktavu, distoshoni (ya kukwaruza sauti), mwangwi wa kurudia, kisha mwangwi wa ukumbi. Oktavu itangulie distoshoni kwa sababu inahitaji noti safi moja ili iifuate. Ukiipa multifoniki itaweweseka na kurukaruka, jambo linaloweza kukufaa kama umelikusudia. Ukiishusha noti ya mwisho ya tenori kwa oktavu moja unapata takriban hezi 52, na spika ndogo za jukwaani haziwezi kuitoa. Wapigaji wengi huona pedali ni mbovu kumbe spika ndiyo fupi. Omba amplifaya ya besi, au hakikisha ukumbi una spika za masafa ya chini.

Mpelekee fundi sauti njia mbili: moja ya maiki kavu, ya pili kutoka kwenye pedali. Kuna mtego mmoja. Pedali za kidijitali huchelewesha sauti kwa milisekunde chache, na njia mbili zikilingana nguvu, masafa mengine hufutana na saksafoni hutoka kama iko ndani ya kopo. Mwombe fundi acheleweshe njia kavu kwa kiasi hichohicho, au ashushe moja iwe chini sana ya nyingine.

Mlio wa kurudisha, ule unaopiga filimbi spikani, utakusumbua mara tu utakapowasha distoshoni, kwa sababu distoshoni ni ongezeko la nguvu na maiki yako iko wazi. Kwenye kupima sauti fuata utaratibu huu. Zima pedali zote, piga noti yako kubwa kuliko zote, panga nguvu ya priampu. Washa distoshoni, kisha punguza kitufe chake cha ukubwa wa sauti inayotoka mpaka ukubwa ulingane na pedali ikiwa imezimwa. Sasa mwache fundi apandishe taratibu mpaka mlio uanze, akate masafa hayo desibeli 3 hadi 6 kwa upana mdogo. Akishakata sehemu tatu na mlio bado upo, acheni kukata, hamisheni spika ya kujisikilizia. Maiki ya kadioidi, yaani inayosikia zaidi kwa mbele, haisikii kwa nyuma yake moja kwa moja. Ile ya haipakadioidi, inayosikia kwa upana mdogo zaidi, haisikii vizuri pembeni nyuma, kwenye nyuzi 110 hivi. Spika iwekwe hapo maiki isiposikia. Na ukiwa umesimama mbele ya matoazi, geuka. Kila kinachoingia kwenye maiki kitaingia kwenye distoshoni pia.

Kuhusu umeme wa pedali: nyingi hutumia volti 9 zenye hasi katikati ya plagi, ila soma kila moja. Jumlisha miliampea zake, ongeza akiba ya robo, na nunua kigawa umeme ambacho kila tundu lake limetengwa na mengine. Pedali za kidijitali zinazochangia tundu moja hulia kwa sauti nyembamba ya juu ambayo hakuna geti itakayoiondoa.

Ikikulemea yote hii, kumbuka kuna njia nyingine kabisa. Mpiga saksafoni Colin Stetson, aliyezunguka na bendi za Arcade Fire na Bon Iver, alijenga kazi yake binafsi juu ya saksafoni ya besi iliyozungushiwa maiki nyingi, moja ikiwa kwenye koo lake, ili vitufe viwe dramu na koo liwe mwimbaji. Hakuna lupu humo, yaani kipande kilichorekodiwa kikajirudia. Ni maiki zilizowekwa mahali sahihi na pumzi isiyokatika.

Mazoezi ya bendi isiyo na karatasi

Bendi inayobuni papo hapo inahitaji makubaliano zaidi kuliko inayosoma noti. Kubalianeni ishara nne au tano za mkono na msizidishe: nyamaza, shikilia, watu wawili tu, badilika ghafla, malizia. Rekodini kila zoezi, hata kwa simu, na sikilizeni pamoja dakika kumi za mwisho, kwa kuwa ndipo vipande hushindwa kumalizika. Kipimo kizuri kwa mpiga saksafoni ni ukimya: katika kipande cha dakika ishirini, kama hukukaa kimya walau dakika sita, rudi kwenye ile sentensi yako.

Karatasi kabla ya kurekodi

Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili: ya utunzi na ya rekodi yenyewe. Katika nchi nyingi ipo pia haki ya mpigaji kulipwa rekodi inapotumika redioni na kwingineko, na hiyo hulipwa kwako tu kama jina lako limesajiliwa kuwa mpigaji. Kwenye muziki wa kubuni, kila aliyekuwa chumbani ametunga. Kwa hiyo anzieni na mgawo sawa. Ikiwa mmoja alikuja na melodia iliyoandikwa, tengeni sehemu yake kwanza. Mathalani bendi ya watu wanne: asilimia 40 kwa melodia, 60 zigawanywe sawa kwa wote, 15 kila mmoja. Mwenye melodia anaishia na 55, wengine 15 kila mmoja, jumla 100. Andikeni siku hiyohiyo, kila mtu atie sahihi, na msajili namba zilezile. Wawili wakisajili mgawo ambao jumla yake inazidi 100, malipo yanaweza kuzuiwa mpaka mwafikiane, na kwa bendi iliyokwisha kuvunjika mwafaka huwa mgumu. Kila rekodi pia ipate namba yake ya utambulisho, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12.

Ukiitwa kama deiwaka kwenye albamu ya mtu, uliza manne kwa maandishi: malipo ni ya mara moja au kuna mgao, kama utahesabiwa mtunzi ukibuni melodia inayokuwa uti wa wimbo, jina lako litaandikwaje, na kama unaruhusiwa kutumia kipande cha rekodi kujitangaza. Ujumbe mfupi uliojibiwa unatosha kuliko mazungumzo marefu ya simu. Binafsi naona mgao wa mirabaha badala ya malipo una maana pale tu unapoiamini bendi kwamba itaendelea kuwepo. La sivyo, chukua ujira.

Kazi nyingi za pembeni siku hizi hufanyika nyumbani. Omba wimbo wenye midundo ya kuhesabia mwanzoni na kasi yake kwa namba. Rekodi kwa WAV, biti 24, kwa kiwango cha sampuli kilekile cha wimbo wao, kwa kawaida kilohezi 48 au 44.1, kilele kisizidi desibeli −6. Faili zote zianze sifuri, hata kama unaingia dakika ya tatu, ili ziangukie mahali pake zenyewe. Tuma matoleo matatu: moja la kujizuia, moja la kuachia, na moja la kelele tupu, yaani pumzi, vitufe, ulimi. Hilo la tatu ndilo watayarishaji wa muziki wa majaribio hulitumia kuliko unavyodhani. Usiweke mwangwi wowote kwenye faili zao.

Kalenda, chombo na masikio

Kuwa na kalenda moja inayoonyesha tarehe zilizothibitishwa na zile zilizoshikiliwa tu, na kila bendi ijue tofauti yake. Tarehe iliyoshikiliwa ipewe siku ya mwisho ya kuthibitisha. Ukipata kazi kubwa siku ileile, mpigie simu aliyeshikilia kwanza, mpe nafasi ya kuthibitisha kabla hujamkubalia wa pili. Katika ulimwengu huu mdogo watu wote wanafahamiana.

Mfuko wa dharura uwe na bisibisi ndogo, ndoano ya springi, mipira ya kufungia, karatasi za sigara, tepu ya Teflon na ridi tano zilizokwisha kupigwa. Kitufe cha G-shapu hunata kuliko vyote: ingiza karatasi ya sigara chini ya pedi, bonyeza taratibu, achia, toa karatasi. Usiivute karatasi pedi ikiwa imebanwa, utaichana pedi. Springi ikivunjika, mpira unaweza kukuvusha hadi mwisho wa onyesho. Tepu huzungushwa kwenye shingo pale kipulizio kinapolegea. Kwenye ukumbi wa baridi, puliza hewa ya joto ndani ya chombo kabla ya kila kipande kinachofuata ukimya mrefu. Hewa ikipoa kwa nyuzi 10 noti inaweza kushuka mpaka senti 30 (senti 100 ni nusu toni), na kompyuta inayopiga pamoja nawe haitakufuata.

Masikio. Kwa kigezo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, desibeli 85 zinavumilika kwa saa 8, na kila zinapopanda 3 muda hukatwa nusu. Kwenye 100 umebakiza dakika 15. Mazoezi ya bendi yenye distoshoni hufika hapo kirahisi. Tatizo la mpiga saksafoni ni kwamba akiziba masikio, mtetemo wa kipulizio hupita menoni na kujaa kichwani, na hasikii wengine. Bandika kipande cha mpira cha unene wa milimita 0.8 juu ya kipulizio pale meno yanapokaa, na tengenezewa vizibo vinavyoingia ndani zaidi ya sikio. Viwili hivyo pamoja hupunguza sana ule mvumo.

Siku ukiondoka kwenye mradi, toa taarifa kwa maandishi, maliza tarehe zilizokwisha thibitishwa, na kubalianeni kuhusu rekodi ambazo hazijatoka: zitatumika au la, na kwa mgawo upi. Mwachie atakayekaimu nafasi yako nakala ya kurasa za daftari zinazohusu bendi hiyo, orodha ya njia zako kwenye mikisa, ile sentensi moja ya kazi ya saksafoni, na picha ya pedali zako ikionyesha kila kitufe kimeelekea wapi.